Mwongozo kamili: jinsi ya kumtazama upya mwigizaji ambaye hujawahi kumpenda

Wengi wanaoijaribu kazi hii hushindwa kwa njia ileile. Wanafungua filamu inayosifiwa kuliko zote za mwigizaji huyo, simu ikiwa mkononi, na kabla dakika ya 20 haijafika wameshasema, "Si nilijua!" Wanazima. Chuki inabaki palepale, tena sasa imepata ushahidi mpya.

Tatizo ni kwamba hukumu imetangulia kesi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na haki ya mwigizaji ni kupimwa kwa kile anachokifanya yeye mbele ya kamera, bila kubebeshwa makosa ya mwandishi, ya mwongozaji, ya mhariri, au ya mtu fulani wa zamani anayefanana naye sura.

Hatua zifuatazo hazilengi kukulazimisha umpende. Zinalenga ufike mahali pa kusema kwa usahihi anafanya nini, na ni kipi hasa katika hicho kinachokukera.

## Vitu unavyohitaji

- Filamu tatu kamili za mwigizaji huyo. Namna ya kuzichagua iko kwenye hatua ya 2. Vipande vya dakika mbili vinavyozunguka mtandaoni havifai, kwa sababu aliyevikata alikuwa ameshaamua anachotaka ukione.
- Kioo kikubwa kuliko cha simu. Televisheni au kompyuta inatosha. Kwenye simu macho ya mwigizaji huwa nukta mbili, na kazi yake kubwa iko machoni.
- Vipokea sauti vya masikioni. Pumzi, kumeza mate na sauti inayokatika katikati ya neno havisikiki vizuri kwenye spika ndogo.
- Sauti halisi ya filamu. Kama lugha huijui, weka manukuu chini. Filamu iliyoingizwa sauti ya mtu mwingine imeshafuta nusu ya kazi unayotaka kuipima.
- Daftari na kalamu. Usiandike kwenye simu. Ukiishika tu, ujumbe mmoja unakutoa kwenye filamu.
- Muda wa saa 8 hivi kwa jumla. Saa 6 ni za filamu, 2 za kurudiarudia. Zisambaze kwa wiki mbili.

## Hatua ya 1: Andika shtaka lako

Kabla hujatazama chochote, andika sentensi tatu zinazoeleza kwa nini humpendi. Kila sentensi itaje kitu kinachoonekana au kusikika.

"Ananiboa" si shtaka. "Hajui kuigiza" nalo si shtaka. "Huinua nyusi zote mbili kila anapotaka tujue ana wasiwasi" ni shtaka. "Hunong'ona hata pale mhusika anapopaswa kuita mtu aliye mbali" ni shtaka. Hayo unaweza kuyathibitisha au kuyafuta.

Kisha pembeni ya kila sentensi andika herufi moja:

- M – mwili na sauti: meno, mwendo, lafudhi, kicheko.
- U – aina ya uhusika anaopewa: kila mara steringi mwenye majivuno, kila mara mpenzi anayelialia.
- F – filamu zenyewe: hadithi mbovu, vichekesho vya kulazimisha.
- N – maisha yake nje ya kamera: mahojiano, ndoa, matangazo ya biashara.
- K – kumbukumbu yako: anafanana na mtu aliyekuumiza, au alichukua nafasi ya mwigizaji uliyempenda.

Kwa nini. Hisia moja husambaa na kupaka rangi kila kitu. Mwaka 1920 mwanasaikolojia Edward Thorndike alieleza jinsi maofisa wa jeshi walivyowapima askari wao: aliyeonekana mzuri kwa sifa moja alipewa alama nzuri karibu kwa sifa zote, hata zisizohusiana. Kwa mwigizaji usiyempenda mambo huenda kinyume chake. Kicheko chake kinakukera, basi hata anavyofungua mlango unaona amekosea.

Tahadhari. Kama sababu yako ni N, na N hiyo ni madhara halisi aliyowatendea watu, funga daftari. Huna deni la kumtazama upya, na ufundi haufuti tendo. Mwongozo huu ni kwa chuki isiyo na mtu aliyeumizwa ndani yake.

Utajua umefaulu ukimsomea mtu mwingine sentensi zako, naye akaweza kutazama filamu na kukuonyesha kwa kidole: "Hapa, amefanya ulichosema."

## Hatua ya 2: Chagua filamu tatu, na mpangilio wake

Hapa ndipo wengi wanapoharibu mapema. Mpangilio ni huu:

1. Ya kwanza: nafasi ndogo. Filamu ambayo yeye si steringi, anaonekana kwa dakika 15 hadi 40. Hadithi haimwegemei, kwa hiyo hutachoka naye.
2. Ya pili: uhusika ulio kinyume na shtaka lako, chini ya mwongozaji mwenye mtindo wake mwenyewe. Kama humpendi kwa makelele, tafuta aliponyamaza. Kama humpendi kwa upole wa kubuni, tafuta alipokuwa adui.
3. Ya tatu: ileile uliyoichukia. Hii inakuja mwisho. Usiibadilishe nafasi.

Filamu ya pili ndiyo inayobeba uzito wote, kwa hiyo itafute kwa makini. Mifano michache itakuonyesha cha kutafuta.

Anayemchoka Adam Sandler kwa vichekesho vyake vya hasira atazame *Punch-Drunk Love* ya mwaka 2002, iliyoongozwa na Paul Thomas Anderson. Sandler hakupewa silaha mpya humo. Hasira ni ileile ya vichekesho vyake, ya kulipuka ghafla. Lakini kwenye sherehe ya dada yake, dada saba wanamtania na kumkumbusha utani wa utotoni, naye anasimama pale, mikono haijui pa kwenda, kisha anapiga mateke milango ya vioo mpaka inavunjika. Hakuna kichekesho kinachofuata kuipoza. Ghafla kitu kilichokuwa kelele kinakuwa maumivu. Filamu ya pili iliyo bora ni ya namna hii: tabia ileile unayoichukia, ikiwa imewekwa mahali inapokuwa na maana.

Robin Williams, aliyezoeleka kwa kasi na maneno mengi, aligeuka katika *One Hour Photo* (2002) kuwa karani mpole wa kusafisha picha, mwenye sauti ya chini inayotisha. Kwa Kristen Stewart, wanaomtuhumu kwa kuuma mdomo na kukwepa macho tangu *Twilight* (2008) waende kwenye *Clouds of Sils Maria* ya mwongozaji Olivier Assayas, iliyompa César, tuzo ya filamu ya Ufaransa, mwaka 2015; alikuwa mwigizaji wa kike wa kwanza kutoka Marekani kuipata. Anacheza msaidizi wa mwigizaji mkubwa, Juliette Binoche, na wawili hao wanasoma pamoja maneno ya tamthilia mpaka hujui tena tamthilia imeishia wapi na ugomvi wao umeanzia wapi. Kule kukwepa macho kunageuka kuwa njia ya mhusika ya kuzuia asichotaka kukisema.

Kinachoharibika. Watu huchagua kwa kuangalia tuzo peke yake. Tuzo nyingi hufuata mabadiliko yanayoonekana kwa mbali: kukonda, kunenepa, kuvaa pua ya bandia, kulia sana. Hayo yanaonyesha mtu alijitolea, lakini hayakuonyeshi kama anajua kumsikiliza mwenzake aliye mbele ya kamera. Kati ya filamu yenye tuzo na filamu yenye watu wawili wanaozungumza mezani, chukua ya mezani.

## Hatua ya 3: Tazama filamu ya kwanza na ya pili bila kuhukumu

Tazama peke yako. Mtu wa pembeni akiguna, umeshaguna naye. Simu ibaki chumba kingine.

Kila unapokereka, andika dakika na neno moja tu: "23, kicheko". "41, macho". Usieleze, usisimamishe filamu. Ukianza kueleza unajenga hoja, na ukijenga hoja umeacha kutazama. Andika pia dakika ulizomsahau, yaani ulipomwona mhusika na si yeye. Hizo zina thamani kuliko za kero.

Usizime kabla ya dakika ya 40. Sehemu ya mwanzo ya filamu hutambulisha watu, na mwigizaji mara nyingi huambiwa aonyeshe tabia kwa alama kubwakubwa ili mtazamaji asipotee. Kazi nyembamba huja baadaye.

Acha angalau siku tatu kati ya filamu na filamu. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba vitu tusivyokuwa na hisia navyo huanza kutupendeza kwa kuviona tu mara nyingi. Ukizimeza filamu tatu usiku mmoja, hutajua kama umemwona vizuri zaidi au umemzoea tu.

## Hatua ya 4: Onyesho moja, mara tatu

Kama una muda wa hatua moja tu, fanya hii.

Kutoka filamu ya pili, chagua onyesho la dakika 2 hadi 4. Liwe na sifa hizi: yupo na mtu mwingine mmoja, hakuna mapigano, hakuna kilio, na walau theluthi moja ya muda yeye hasemi kitu. Liwe pia na shoti moja isiyokatwa ya sekunde 15 au zaidi inayomwonyesha uso. Hesabu taratibu kwa mdomo. Kama picha inakatwa kila sekunde mbili, tafuta onyesho lingine, maana hapo unaitazama kazi ya mhariri.

Jambo hili la mhariri si dogo. Mwongozaji wa Kirusi Lev Kuleshov anakumbukwa kwa jaribio ambamo uso uleule wa mwigizaji Ivan Mosjoukine uliunganishwa na sahani ya supu, kisha jeneza, kisha mwanamke. Inasimuliwa kwamba watazamaji walisifu alivyoigiza njaa, huzuni na tamaa, na uso haukuwa umebadilika hata kidogo. Kama uso usiofanya kitu unaweza kusifiwa kwa sababu ya kilichowekwa kando yake, uso unaofanya kazi nzuri nao unaweza kulaumiwa kwa sababu hiyohiyo.

Mzunguko wa kwanza: picha bila sauti. Zima sauti na manukuu. Tazama vitu vinne tu: macho yanaenda wapi na yanatangulia kichwa au yanakifuata, uzito wa mwili uko mguu gani au upande gani wa kiti, mikono inafanya nini ikiwa haina kazi, na anapepesa macho mara ngapi. Mwigizaji wa Uingereza Michael Caine, katika somo lake la uigizaji wa filamu lililorekodiwa na BBC mwaka 1987, anawafundisha waigizaji kutopepesa kwenye picha ya karibu, kwa sababu kila kupepesa kunamdhoofisha mhusika. Kwa hiyo mwigizaji mzoefu akipepesa haraka mara tano mfululizo, uliza kwanza kama amechagua kumdhoofisha mhusika wake kabla hujasema ana woga wa kamera.

Mzunguko wa pili: sauti bila picha. Geuza kiti au funika kioo. Sikiliza anavuta pumzi wapi. Mtu anayekariri huvuta pumzi penye nukta. Mtu anayewaza huvuta pumzi popote wazo linapomjia, hata katikati ya neno. Sikiliza pia mwisho wa sentensi: je, kila sentensi inashuka vilevile? Kama zote zinashuka kwa wimbo mmoja, umepata ushahidi halali dhidi yake. Uandike.

Mzunguko wa tatu: vyote pamoja, ukimtazama yeye wakati mwenzake anazungumza. Hapa usimtazame msemaji hata kidogo. Tafuta sekunde ambayo jibu linaundwa usoni kabla halijatoka mdomoni. Kwa mwigizaji anayesikiliza, jibu linaanza katikati ya sentensi ya mwenzake: taya linakaza, au kidole kinaacha kugongagonga meza. Kwa asiyesikiliza, uso umeganda ukingoja zamu yake.

Kinachoharibika. Kuchagua onyesho la kulia au kufoka. Machozi na makelele humtetemesha mtazamaji hata yakifanywa ovyo, na humkera hata yakifanywa vyema. Hayapimi kitu.

Utajua umefaulu ukiweza kuandika sentensi ya namna hii: "Alipoambiwa habari ile, alitabasamu kwanza, tabasamu likabaki mdomoni sekunde mbili baada ya macho kuliacha." Ukishaandika hivyo, umemwona, umpende usimpende.

Kwa mazoezi ya nyongeza, Nicolas Cage katika *Adaptation* (2002) anacheza mapacha wawili, Charlie na Donald. Zima sauti, sogeza filamu popote wanapoonekana wote, ujaribu kusema yupi ni yupi kabla hawajafungua mdomo. Mmoja anakaa kana kwamba kiti ni chake, mwingine kana kwamba atafukuzwa. Anayesema Cage anajua kufoka tu atapata kazi ya kulieleza hilo.

## Hatua ya 5: Gawa lawama

Rudi kwenye orodha ya dakika ulizokereka, na kwa kila moja uliza ni kazi ya nani.

Maneno yasiyotamkika na binadamu ni ya mwandishi wa skripti. Sauti isiyolingana na midomo au iliyo safi mno kuliko mahali walipo mara nyingi ni sauti iliyorekodiwa upya studio, miezi baada ya picha, mwigizaji akiwa peke yake mbele ya maikrofoni. Hisia inayopanda ghafla bila ngazi inaweza kutokana na mpangilio wa kazi, kwa sababu filamu nyingi hazipigwi kwa mfuatano wa hadithi; kifo kinaweza kupigwa wiki moja kabla ya wapendanao kukutana. Na kila shoti unayoiona ilichaguliwa kutoka kadhaa. Mwigizaji hakuwepo ilipochaguliwa.

Kipimo cha haraka: je, wengine kwenye filamu hiyo wamekauka vilevile? Natalie Portman alilaumiwa kwa ugumu katika filamu za Star Wars za 1999, 2002 na 2005. Lakini tazama waliomzunguka: hata Samuel L. Jackson, mtu asiyejua kuwa baridi, anazungumza humo kana kwamba anasoma tangazo. Kati ya filamu hizo Portman aliigiza *Closer* (2004) akateuliwa kuwania Oscar, na kwa *Black Swan* (2010) akaishinda. Watu wazuri watatu wakikauka pamoja, mtazame mwongozaji.

Usiende upande wa pili ukamsamehe kila kitu. Tabia ikijirudia katika filamu tatu, kwa waongozaji watatu, na kwa wahusika wasiofanana, hiyo ni yake.

## Hatua ya 6: Mbadilishe kichwani

Hii ni ya dakika tano. Chukua onyesho la hatua ya 4, umweke kichwani mwigizaji unayempenda mahali pake. Andika kimoja kinachoongezeka na kimoja kinachopotea. Ukishindwa kupata kinachopotea, jaribu na mwigizaji wa pili. Ukishindwa tena, basi kwenye onyesho hilo hakuleta kitu chake mwenyewe.

## Hatua ya 7: Rudi kwenye filamu uliyoichukia

Sasa unayo macho ya kutazamia. Itazame yote, daftari la shtaka likiwa wazi kwenye ukurasa wa kwanza. Kila tabia uliyoishtaki ikitokea, piga alama. Mwishoni, hesabu.

Mara nyingi idadi huwa ndogo kuliko ulivyokumbuka. Kicheko kilichokukera miaka yote kinaweza kuwa kimetokea mara mbili tu. Kumbukumbu ilikishika na kukirudia.

Wengine hukuta kinyume: tabia ipo, imejaa filamu nzima. Hapo angalia kama mhusika aliyeandikwa ni mtu wa kukera. Tapeli aliyekuudhi amefanya alichotumwa. Jiulize: wahusika wengine kwenye filamu wanamwonaje? Kama nao wanamkwepa na kumchoka, basi kero yako ilipangwa, na aliyeileta ni fundi.

## Hatua ya 8: Andika hukumu mpya

Sentensi tatu, kama mwanzo. Ya kwanza: anachokifanya vizuri, ukitaja filamu na dakika. Ya pili: anachokifanya vibaya, kwa namna hiyohiyo. Ya tatu: aina ya uhusika utakaoutazama akiwa ndani yake, na aina utakayoiacha.

Kama herufi zako zilikuwa nyingi U au F, tarajia hukumu kubadilika sana, kwa sababu ulikuwa ukimchukia mtu kwa kazi za watu wengine. Kama zilikuwa M, kero huenda ikabaki. Sikio lisilopenda sauti fulani halishawishiki kwa hoja, ila utaacha kuiita sauti hiyo uigizaji mbaya. K ndiyo ngumu kuliko zote. Hapo jaribu filamu ambayo sura yake imebadilishwa kwa nywele, ndevu au umri, uone kama kero inafuata uso au inafuata mtu.

Ukitaka kumwonyesha rafiki anayemchukia mwigizaji huyohuyo, usimpe filamu nzima wala maelezo. Mwekee lile onyesho la hatua ya 4, sauti ikiwa imezimwa, umwombe akuambie mhusika anaficha nini.